Upepo wa AC Unapokimbilia Kioo cha Mbele

Ukitoka Mikumi kuelekea Iringa na Jeep Cherokee ya zamani, mlima Iyovi unaweza kukuonyesha jambo la ajabu. Unakanyaga mafuta, na upepo wa AC uliokuwa ukikupiga usoni unafifia, kisha unaanza kutokea chini ya kioo cha mbele. Ukimaliza kupanda, unarudi usoni wenyewe. Gari likifika gereji, mara nyingi huongezewa gesi.

Gesi haihusiki hapo. Hewa ingali ya baridi, ila imepotea njia. Kujaza gesi kwenye mfumo usiopungukiwa hupandisha presha na hata kupunguza ubaridi, na gesi ya R134a ikivuja angani hupasha dunia joto takribani mara 1,430 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo fundi aulize kwanza: upepo unatokea wapi, na unahama wakati gani?

Ndani ya dashibodi kuna vibamba vinavyoelekeza hewa usoni, miguuni au kwenye kioo. Magari mengi ya Kijapani tunayoendesha huvigeuza kwa waya au mota ndogo za umeme. Cherokee za 1984 hadi 2001, Mercedes-Benz W123 na pikapu nyingi za zamani za Kimarekani hutumia vakyumu. Injini ya petroli ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, hunyonya hewa kupitia upenyo mdogo, na presha ndani ya manifodi hushuka hadi kilopaskali 35 hivi, wakati nje, kwa mwinuko wa Mikumi, ni karibu 95. Ni kama kunywa soda kwa mrija: hewa ya nje ndiyo inayosukuma. Hapa inasukuma kiwambo cha mpira, nacho kinavuta kibamba.

Mlimani dereva anafungua mafuta, hewa inajaa kwenye manifodi, na tofauti ile ya presha karibu yote inatoweka. Waliobuni mfumo walilijua hilo, wakaweka tangi dogo la akiba na valvu ya njia moja ili vakyumu isirudi nyuma. Valvu ikichoka au tangi likipasuka, akiba haipo, na springi zinarudisha vibamba kwenye kioo. Upande huo ulichaguliwa makusudi, na ninauona uamuzi mzuri sana: mvua za masika zikikukuta kioo kimejaa ukungu, ni heri ukose upepo usoni kuliko ukose kuona barabara.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Injini ikiwa sailensa, elekeza upepo usoni. Zima injini, kisha rudisha ufunguo kwenye "on" bila kuwasha, feni iendelee kupuliza. Upepo ukibaki usoni kwa dakika kadhaa, valvu na tangi vinafanya kazi. Ukihama papo hapo, kuna panapovuja.

Sasa tega sikio. Mlio wa "sss" unaosikika ukichagua usoni tu unaonyesha kuwa tatizo liko kwenye mpira wa kupitisha vakyumu au kiwambo cha upande huo. Mfumo ukipoteza vakyumu kwa kila chaguo, anza chini ya boneti. Kunja ncha za mipira kwa vidole: ule uliokaushwa na joto la injini huonyesha nyufa nyembamba ambazo hazionekani ukiwa umenyooka. Kwenye Cherokee usisahau tangi lenyewe, lililofichwa nyuma ya bampa la mbele, mahali ambapo kugongwa kidogo tu kunatosha kulivunja. Kwa viwambo, pampu ya mkono yenye geji humaliza ubishi: vuta hadi kilopaskali 50 uangalie mshale. Ukishuka, kiwambo kimetoboka.

Mikumi kazi hii si ya anasa. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi kuna mbung'o, na watu hufunga vioo na kutegemea AC. Kibamba cha kuzungusha hewa ya ndani nacho kikiwa cha vakyumu na kikakwama wazi, vumbi la njia za hifadhini linaingia ndani ya gari.

W123 ya dizeli ina habari yake. Manifodi yake haitoi vakyumu ya kutosha, hivyo ina pampu maalumu inayoendeshwa na injini, na vakyumu hiyohiyo hufunga milango na kuzima injini. Ukizima ufunguo na injini ikaendelea kunguruma, fuata mipira yote, pamoja na ile inayoingia milangoni, kabla hujaifungua dashibodi.