Mzazi, ijue fomu unayosaini mwanao anapoomba chuo Marekani

Ni jioni, vyombo vimeshatolewa mezani. Kijana aliye mwaka wa mwisho wa sekondari anamletea baba yake simu. "Baba, nahitaji saini yako hapa. Mwisho ni tarehe 1 Novemba." Baba anaona jina la chuo kikubwa cha Marekani, anafurahi, anasaini bila kuuliza.

Saini hiyo huenda ikawa ya ahadi nzito: kwamba mtoto akikubaliwa, ataondoa maombi yake kwenye vyuo vingine vyote na kujiunga na hicho kimoja.

Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi ya mapema. Mara nyingi mwisho wake huwa tarehe 1 au 15 Novemba, na majibu hutoka katikati ya Desemba, ingawa vipo vinavyojibu Januari au Februari. Maombi ya mapema yako ya aina mbili, na majina yake yanakaribiana kiasi cha kumchanganya mzazi.

Ya kwanza huitwa Early Decision. Huu ndio mpango unaofunga. Mwanafunzi huruhusiwa kuomba chuo kimoja tu kwa njia hii, na ahadi yake husainiwa na yeye mwenyewe, mzazi na mshauri wa masomo shuleni.

Ya pili ni Early Action, na hii haifungi. Mtoto anaomba mapema na kujibiwa mapema. Akikubaliwa, kwa kawaida ana hadi tarehe 1 Mei kuamua. Katikati hapo anaweza kuendelea kuomba vyuo vingine na kusubiri majibu yake.

Kwa familia inayohitaji msaada wa kifedha, miezi hiyo ina thamani kubwa. Katika baadhi ya vyuo binafsi, ada, malazi na chakula kwa mwaka mmoja vimepita dola 80,000. Hata hivyo, bei inayotangazwa siyo lazima iwe bei utakayolipa. Chukua mfano: chuo kimoja kinagharimu dola 80,000 na kinampa mtoto ruzuku ya 60,000. Kingine kinagharimu 50,000 na kinampa 40,000. Cha kwanza kimetoa zaidi, lakini nyumbani mtatakiwa kulipa 20,000, wakati cha pili mtalipa 10,000. Hesabu hiyo huwezi kuipiga ukiwa na barua moja tu mkononi.

Aliyejifunga kwa Early Decision anaweza kuomba aachiliwe iwapo msaada aliopewa hautoshi. Tatizo ni kwamba wakati huo hana ofa nyingine ya kulinganisha.

Unapolinganisha, tenganisha ruzuku na mkopo. Barua ya chuo inaweza kuvijumlisha vyote chini ya jina la msaada, ilhali mkopo utalipwa.

Kuna mtego mwingine mdogo. Harvard, Yale, Princeton na Stanford zina mpango wa mapema usiofunga, lakini wenye masharti: anayeomba huko mapema kwa kawaida haruhusiwi kuomba mapema chuo kingine binafsi, ingawa vyuo vya umma mara nyingi huruhusiwa. Hivyo someni kanuni za kila chuo kwenye tovuti yake.

Je, kuomba mapema ni haki kwa wote? Mwaka 2006, Harvard na Princeton zilitangaza kuacha utaratibu huo kwa hoja kwamba uliwanufaisha zaidi watoto wa wenye uwezo. Mwaka 2011 zote mbili ziliurudisha. Ukweli ni kwamba tarehe ya Novemba humfaa aliyeanza maandalizi miezi kadhaa kabla: insha, barua za walimu, matokeo ya shule na nyaraka za kipato cha wazazi.

Kwa watoto wanaosoma Afrika Mashariki, kalenda nayo ina neno. Mtihani wa kidato cha sita Tanzania hufanyika Mei, hivyo Novemba mtoto ataomba kwa matokeo ya kidato cha nne na makadirio ya walimu wake. Kenya, Novemba ni kipindi cha KCSE chenyewe. Mtoto asiyekuwa tayari asisukumwe. Maombi ya kawaida, ambayo mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari, yapo kwa ajili yake.

Kabla ya kusaini, mketishe mwanao na kumuuliza mambo matatu. Mpango huu unatufunga au hautufungi? Unakuzuia kuomba wapi? Na chuo hiki kinawapa msaada wanafunzi wa kigeni, au uwezo wetu wa kulipa unaangaliwa wakati wa kumchagua mtoto?

Desemba majibu yanaweza kuwa ndiyo, hapana, au kusogezwa kwenye kundi la maombi ya kawaida. Aliyesogezwa hajakataliwa, atume matokeo yake mapya na aendelee kuomba kwingine. Aliyekubaliwa kwa mpango usiofunga apongezwe, ndugu wapigiwe simu, lakini malipo ya kushikilia nafasi yasubiri. Barua nyingine bado zinakuja, na Mei bado iko mbali.