Mtaalamu Aliyekipa Kisogo Kiumbe Chake

Ndugu msomaji, likitajwa jina la Frankenstein, wengi hulifikiria jitu lenye paji pana la uso na makovu. Kumbe hilo si jina la jitu. Ni la mtaalamu aliyeliunda.

Wataalamu wenye wazimu walikwisha kuonekana katika sinema kabla yake. Katika Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927, Rotwang alipoteza mkono wake akiunda mwanamke wa chuma. Lakini aliyevuma zaidi ni Henry Frankenstein, katika filamu ya Marekani ya mwaka 1931 iliyoongozwa na James Whale. Colin Clive alicheza mtaalamu. Boris Karloff alicheza jitu.

Henry amejitenga na baba yake na mchumba wake, kajifungia mnarani akiunganisha viungo vya maiti. Usiku wa radi mkono wa maiti unatikisika, naye anapiga kelele za furaha kama aliyepagawa.

Filamu inatueleza chanzo cha maovu yatakayofuata: Fritz, mtumishi wake, aliangusha chupa yenye ubongo mzima, akaiba ubongo wa mhalifu. Basi jitu likazaliwa ovu! Riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, iliyo chimbuko la filamu hiyo, haina habari hiyo. Humo kiumbe huharibika kwa kutupwa na kuchukiwa.

Hata hivyo, hebu tuzitazame picha zenyewe. Mwanga unapoingia kwa mara ya kwanza, jitu linainua mikono kuupokea, mfano wa mtoto mchanga. Fritz analitisha kwa mwenge wa moto, linafungwa minyororo. Henry anarudi kwao kufunga ndoa, akimwachia mwalimu wake wa zamani kazi ya kuliangamiza. Jitu linatoroka, na kando ya ziwa linakutana na Maria, binti mdogo asiyeliogopa. Analigawia maua, wanayarusha majini yaelee. Maua yanapokwisha, jitu linamrusha mtoto, likidhani naye ataelea.

Je, huo ni uovu wa ubongo, au ni ujinga wa asiyefundishwa?

Ndugu mzazi, ni mara ngapi twasema juu ya mtoto mtukutu kwamba kazaliwa hivyo? Wahenga walinena: mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Wazimu wa Henry haukuwa katika kutafuta elimu. Ulikuwa katika kukileta kiumbe duniani, kisha kukipa kisogo.