Kung'arisha Rangi Mahali Padogo Bila Kuichoma



Hapa Ndithini pikipiki ni nyingi siku hizi. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka wa 2008, zimeenea vijijini kote. Mwenye pikipiki akitaka kuiuza, anataka tangi ling'ae. Mwenye Probox naye ni vivyo hivyo. Basi hii ni kazi ambayo vijana wetu wanaweza kuifanya, lakini ina hasara yake.

Sisi hasara hiyo tumeionja. Tulishika tangi la mteja, tukakandamiza drili karibu na kifuniko cha mafuta, na kabla ya kuhesabu hadi kumi chuma kikaonekana. Tangi likapigwa rangi upya, na pesa zikatoka kwenye sanduku la kikundi. Tungependa ninyi mjifunze bila kulipa.

KWA NINI MASHINE NDOGO?

Mashine kubwa yenye pedi ya inchi 6 au 7 ni nzuri kwa boneti na paa. Lakini haiingii nyuma ya mkono wa mlango, chini ya kioo cha pembeni, wala kando ya kifuniko cha tangi. Hapo panataka pedi ya inchi 2 au 3. Si lazima kununua mashine ya bei kubwa. Drili ya kawaida inayoweza kupunguzwa mwendo, ikifungwa kishikio kidogo cha pedi ya sponji, yatosha kuanzia.

MBONA INACHOMA HARAKA?

Kwanza, rangi ni nyembamba. Magari mengi huwa na tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Hilo ndilo linalong'aa, na ndilo tunalolisugua. Unene wake kwa kawaida ni kama 0.04 hadi 0.05 ya milimita. Karatasi ya kuandikia ni kama 0.1 ya milimita. Yaani klia yote ni nusu ya karatasi tu! Tena kwenye kingo na mikunjo rangi huwa nyembamba zaidi.

Pili, pedi ya inchi 3 ina eneo robo tu la pedi ya inchi 6. Ukiikandamiza kwa nguvu zile zile, rangi inabanwa mara nne zaidi. Kisigino chembamba huzama kwenye udongo wa shamba, gambuti hazizami, na mtu ni yule yule. Halafu joto nalo linakusanyika mahali pamoja. Kwenye bampa ya plastiki ni hatari zaidi, kwa sababu plastiki haisambazi joto kama chuma.

HATUA ZA KAZI

1. Osha vizuri. Vumbi letu ni mchanga, na mchanga chini ya pedi ni msasa. Maji ni shida, tunajua, lakini tenga ndoo ya sabuni na ndoo ya kusuuza.

2. Fanyia kivulini. Jina letu ni jua kali, lakini kazi hii haitaki jua. Rangi ikiwa moto, dawa hukauka upesi.

3. Bandika maskingi tepu kwenye kingo, nembo, stika na raba.

4. Pima kwanza kwa mkono. Chukua kitambaa cheupe na dawa kidogo, usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, ujue hakuna klia au imekwisha. Hapo weka mashine kando, utumie vidole.

5. Pima alama kwa ukucha. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo ni wa ndani mno. Mwambie mteja ukweli, usiufukuze kwa drili.

6. Weka dawa nyepesi kwenye sponji laini, matone mawili matatu kama njegere. Ile kali ingoje hadi nyepesi ishindwe.

7. Laza pedi kwenye rangi ndipo uwashe, kwa mwendo wa chini. Usikandamize, na usisimame mahali pamoja. Baada ya sekunde chache acha, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiona pamekuwa moto, ngoja papoe.

8. Ukifika ukingoni, hakikisha pedi inazunguka kuelekea nje ya ukingo. Ikizunguka kuingia ndani, hunasa na drili hukurukia.

9. Futa kwa kitambaa laini, kisha kagua ukiangalia kwa pembeni.

JIHADHARI NA MOTO

Drili hutoa cheche ndani yake. Usifanyie kazi tangi linalovuja, wala lililo wazi. Funga kifuniko, futa petroli iliyomwagika, na ukae mahali penye hewa. Vaa miwani. Leso na mikono mirefu inayoning'inia ikae mbali, na waya wa umeme usilale kwenye maji.

KAZI YA KIKUNDI

Wazee wetu walichimba matuta kwa mwethya, mikono ya wengi kwenye shamba la mmoja. Hata drili moja ni hivyo, kikundi kinaweza kuinunua pamoja. Lakini wekeni sheria: hakuna kugusa chombo cha mteja kabla ya kufanya mazoezi kwenye mlango wa zamani. Huo uchomeni makusudi, mpaka kila mmoja ajue dalili za rangi kuchoka. Pia, kabla ya kuanza, zungukeni gari pamoja na mwenyewe, mwandike alama zilizopo. Hivyo hakuna atakayelaumiwa kwa asichofanya.

Mwenda pole hajikwai. Pale padogo ndipo mteja anapotazama kwanza, na ndipo pesa zetu zilipopotelea.

MASWALI YA KUJADILIANA

– Mwanachama akiharibu rangi ya mteja, nani atalipa: yeye au sanduku?
– Nani atatunza drili na kuosha pedi baada ya kazi?
– Je, tuko tayari kumwambia mteja kwamba kazi nyingine hatuiwezi?