INJINI ILIPOKUFA, NANI ALIPE?



Katika shamba la chai tunalofanyia kazi, huku nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, lipo trekta dogo ambalo dereva hulishika kwa mikono miwili akitembea nyuma yake, au akikaa juu ya trela likiwa safarini. Watu wote hulijua kwa jina la pawatila. Matrekta ya namna hii yaliingia nchini kwa wingi baada ya mwaka 2009, Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza, na siku hizi huonekana kwenye mashamba ya mpunga, bustani za mboga na vitalu vya miche.

La kwetu ni la kitaluni. Huvuta udongo wa kujazia viriba, hubeba mbolea na kuni, na Jumamosi mchana, kwa mapatano ya tawi na meneja, hulima bustani za wafanyakazi nyuma ya nyumba za kambi. Kwa hiyo lilipokufa mwishoni mwa kiangazi kimoja, si shamba peke yake lililopata hasara. Mchicha na maharage ya familia nyingi yalikuwa yakilingoja.

Dereva wake ni mzee wa miaka mingi kazini. Asubuhi ile alizungusha hendeli mpaka jasho likamtoka. Injini ilikohoa, ikatoa moshi wa rangi ya buluu, ikazima. Msimamizi alifika, akatazama, akasema mbele ya watu wote: "Mzee, injini hii umeiua wewe. Umeiendesha bila oili."

Mzee akajibu kwa utulivu: "Bwana msimamizi, oili nilipima kabla jua halijatoka. Kijiti hiki hapa, kitazame."

Kijiti hakikutazamwa. Mwisho wa mwezi mshahara wa mzee ulikuja pungufu, naye akaambiwa kwamba makato yataendelea hadi bei ya injini mpya itimie. Hapo ndipo kamati ya tawi ilipokutana na sisi mafundi wa karakana, tukaomba siku tatu za kuifungua ile injini. Meneja alikubali.

INJINI YENYEWE NI YA NAMNA GANI

Tuanze na kibao cha bati kilichogongomewa ubavuni mwa injini. Chetu kimeandikwa S195. Tarakimu 1 ya kwanza maana yake ni silinda moja, na 95 ni upana wa silinda kwa milimita. Ukikuta R180, hiyo ni silinda moja yenye upana wa milimita 80. Ukikuta S1100, ni silinda moja ya milimita 100. Mfanyakazi akijua kusoma kibao hiki hatauziwa spea isiyo yake.

S195 ni injini ya dizeli yenye nguvu farasi 12 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika. Haina rejeta kama ya gari: juu yake kuna tangi la maji lililo wazi, na maji yanapochemka mvuke hutoka na kuondoka na joto. Kuona mvuke si dalili ya ubovu. Ubovu huja maji yanapokauka bila mtu kuongeza. Pistoni haichezi moja kwa moja ndani ya chuma cha injini, bali ndani ya silivu, yaani bomba la chuma linaloweza kutolewa na kuwekwa jingine. Nje ya silivu ni maji. Chini yake kuna mipira ya duara inayozuia maji yasishuke kwenye oili. Tunaomba msomaji aikumbuke mipira hiyo, kwani ndiyo iliyotupa taabu baadaye.

TULIVYOITAFUTA SABABU

Fundi mwenye pupa hukimbilia spana. Sisi tulianza na mambo yasiyohitaji kufungua kitu. Dizeli ilikuwa inafika kwenye pampu, na mlio wa nozeli ulisikika vizuri tulipozungusha injini kwa mkono. Basi mafuta hayakuwa na kosa.

Kisha tukapima mgandamizo. Injini nzima ukiizungusha kwa hendeli bila kufungua kile kishikio kidogo cha kuachia upepo, hukaza na kurudisha mkono wako nyuma. Ile yetu ilizunguka laini kama cherehani. Tukamimina oili kijiko kimoja kupitia njia ya hewa, tukazungusha tena, nayo ikakaza kidogo. Jambo hilo lina maana. Ikiwa upepo unavuja kwenye valvu au gasketi ya juu, oili haisaidii kitu. Ikiwa unavuja kati ya ringi za pistoni na silivu, oili huziba mwanya kwa muda. Tulipima pia nafasi za valvu kwa fila geji: milimita 0.35 kwa valvu ya hewa na 0.45 kwa valvu ya moshi, injini ikiwa baridi. Zilikuwa sawa.

Ndipo tukafungua, na tulitaka msimamizi na katibu wa tawi wawepo wakati huo. Mkono ulipopitishwa ndani ya silivu ulikutana na ngazi karibu na ukingo wa juu, pale ringi zinapoishia. Chini ya ngazi hiyo chuma kilikuwa kimelika pande zote, lakini kilikuwa laini, bila mikwaruzo mirefu. Ringi zilikuwa nyembamba na kali kama wembe.

Tukatoa konrodi, tukazipanga beringi zake juu ya gazeti. Hapo katibu alitaka tueleze polepole, nasi tunaeleza hivyo hivyo kwa wasomaji. Injini iliyoendeshwa bila oili hufa kwa namna yake. Beringi za konrodi huungua na kuyeyuka, krankshafti hubadilika rangi kwa joto, pistoni hunata na kuchana silivu. Beringi zetu zilikuwa zimechakaa kwa umri tu, na krankshafti ilikuwa inang'aa. Oili tuliyomwaga ilijaa kiasi chake, ila ilikuwa nyeusi na ukiisugua kati ya vidole unasikia chengachenga za mchanga.

Mchanga huo uliingia kwa mlango gani? Tukatazama chujio la hewa. Ni lile lenye bakuli la oili chini, ambamo vumbi hunaswa kabla hewa haijaingia kwenye silinda. Bakuli lilikuwa na ufa, na oili yake ilikuwa imevuja yote. Kwa miezi kadhaa, katika barabara yenye vumbi kati ya shimo la udongo na kitalu, injini ilikuwa inavuta vumbi kama mtu anayevuta ugoro. Vumbi ni mchanga, na mchanga hula chuma.

KITABU KILICHOOKOA MTU

Mzee alisema kwamba habari za bakuli hilo alikwisha kuzitoa mara tatu. Tulipotafuta katika kitabu cha karakana tulikuta mara moja tu: tarehe, saini ya mzee, na maneno "bakuli la chujio limepasuka, lahitajika jipya". Pembeni stoo waliandika kwamba spea haipo. Mara mbili nyingine alisema kwa mdomo, nasi mafundi tukamwitikia "haya mzee, tutaona", tukaendelea na kazi nyingine.

Hatuwezi kuficha kosa hilo. Lilikuwa la kwetu. Kama ule mstari mmoja haungeandikwa, maneno ya msimamizi yangebaki dhidi ya maneno ya mzee, na wote twajua neno la nani lingekuwa zito zaidi.

KUTENGENEZA AU KUBADILISHA?

Tulishauri itengenezwe. Silivu, pistoni, ringi, beringi na gasketi zake huuzwa pamoja, kwa bei ndogo sana kuliko injini nzima. Krankshafti tuliipima kwa maikromita pande zote, tukaona ingali duara. Meneja aliagiza spea, tukafunga.

Kabla ya kutia oili tulijaza maji kwenye tangi tukaiacha ilale hivyo. Hili ni jambo ambalo mafundi wengi huliruka kwa haraka. Asubuhi tulipofungua nati ya chini, yalitoka maji. Tukatoa silivu mpya, tukamulika ndani kwa tochi. Pale mipira inapokalia, chuma cha injini kilikuwa kimelika kwa kutu, na kuna mashimo unayoweza kuingiza ncha ya kidole. Kwa miaka mingi kutu na chokaa ndivyo vilivyokuwa vimeziba, na tulipong'oa silivu ya zamani tukavunja kizibo hicho bila kujua.

Msimamizi akasema: "Sasa mmeimaliza kabisa, nyinyi na mzee wenu." Maneno hayo yalituuma, lakini hatukugombana. Tulimwita meneja, tukamwomba aingize kidole chake mwenyewe. Mashimo ya kutu hayatokei kwa usiku mmoja, wala hayachimbwi kwa nyundo. Aligusa, akanyamaza, kisha akaagiza injini nyingine.

Kwa wenzetu watakaofanya kazi hii, tunaweka hapa mambo machache. Injini mpya lazima ilingane na ya zamani kwa nguvu, kwa mwendo wa kuzunguka, kwa upande inakozungukia, kwa matundu ya kufungia na kwa mifereji ya puli. Injini yenye nguvu zaidi si zawadi, kwani itavunja klachi na gia zilizotengenezwa kwa nguvu ndogo. Uzito wake unafika kama kilo 140, basi isinyanyuliwe kwa migongo ya watu. Tumieni winchi ya mnyororo. Puli mbili zipangwe sawa kwa kuvuta uzi kutoka moja hadi nyingine, la sivyo mikanda italika upande mmoja. Mikanda ya zamani isichanganywe na mipya.

Wakati wa kuwasha, mkono ushike hendeli kwa vidole vyote upande mmoja, dole gumba likiwa pamoja na vingine. Injini ikirudi nyuma, dole lililozunguka hendeli huvunjika. Msiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake huua. Na tangi likikauka injini ikiwa ya moto, msimimine maji baridi papo hapo. Zimeni, ngojeni ipoe. Saa za mwanzo ifanye kazi nyepesi, kisha oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa sababu ina unga wa chuma.

SHERIA INASEMAJE

Injini ilipokwisha kufungwa, bado lilibaki suala la mshahara. Katibu wa tawi aliandika barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara mpaka masharti yatimie. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Mzee hakupewa barua yoyote wala hakuulizwa neno.

Kwa ndugu zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo yaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Na kwa wote, Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, wasema kwamba mshahara hukatwa tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria za nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo.

Pamoja na barua tulipeleka sanduku. Ndani yake mlikuwa na beringi, ringi, bakuli lenye ufa, na nakala ya ukurasa ule wa kitabu. Mwezi uliofuata fedha za mzee zilirudishwa zote. Radhi hakuombwa, lakini makato yalikoma.

TULILOJIFUNZA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bakuli dogo la chujio lilikosekana stoo, ikabidi kununua injini nzima. Gharama hiyo nusura iangukie mabega ya mtu aliyekuwa wa kwanza kuuona ufa.

Tunashauri kila tawi lenye wanachama wanaoshika mashine, iwe trekta, pampu, mashine ya kukaushia chai au cherehani ya kiwandani, lihakikishe kuna kitabu cha kila mashine. Aonaye ubovu aandike siku hiyo hiyo na kutia saini, na anayepokea naye atie saini. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake. Na mashine ikifa, isitupwe wala isifunguliwe gizani: ifunguliwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, na vipande vihifadhiwe.

Pawatila letu linafanya kazi. Jumamosi iliyopita lililima bustani kumi na mbili kambini. Mzee bado ndiye dereva, na siku hizi mfukoni mwa shati lake hamkosekani kalamu. Sisi wa karakana anapotujia hatumwambii tena "tutaona". Tunafungua kitabu kwanza.