Kwa Nini Miwani Pekee Haimalizi Tatizo la Uoni kwa Mtoto Mwenye Ualbino

Kila ifikapo Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, elimu kwa umma hujikita zaidi katika usalama na kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Macho hutajwa kwa uchache, ilhali ndiyo yanayoamua iwapo mtoto atafuata somo ubaoni.

Chanzo ni upungufu wa melanini, yaani kemikali inayotia rangi kwenye ngozi, nywele na macho. Mtoto akiwa bado tumboni, melanini huhitajika ili jicho likue ipasavyo. Inapopungua, kitovu cha retina, ambacho hutumika kusoma na kutambua sura za watu, hakikamiliki. Aidha, mwanga hupenya hadi kwenye sehemu ya rangi ya jicho, ambayo kwa kawaida huuzuia, na ndiyo maana jua humsumbua.

Sababu nyingine, isiyofahamika na wengi, ipo nyuma ya jicho. Kwa kawaida, takribani nusu ya nyuzi za neva za kila jicho huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, na nyingine hubaki upande uleule, hivyo ubongo huunganisha picha za macho yote mawili. Kwa mwenye ualbino, nyuzi nyingi mno huvuka. Ushirikiano wa macho hudhoofika, mara nyingi makengeza hujitokeza, na kukadiria umbali huwa kugumu, kwa mfano wakati wa kudaka mpira au kushuka ngazi.

Macho hayo pia huchezacheza yenyewe, kwa kawaida kuanzia miezi ya mwanzo ya maisha. Mwanafunzi anayeinamisha au kugeuza kichwa anaposoma hafanyi utovu wa nidhamu. Ametafuta pembe ambayo macho yake hutulia zaidi. Mwalimu anayemwamuru anyooshe kichwa humpunguzia uoni alionao.

Miwani hurekebisha jinsi mwanga unavyokusanywa ndani ya jicho, nayo husaidia kweli. Upasuaji unaweza kunyoosha makengeza. Hata hivyo, hakuna kati ya hivyo kinachokamilisha retina wala kubadilisha njia za neva, hivyo mtoto aliyevaa miwani sahihi bado anaweza asione ubao. Kusogeza kitabu karibu na uso, jambo ambalo wazazi wengi hulikemea, hakuharibu macho.

Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Karatasi hizo, hata hivyo, haziwezi kufidia miaka ambayo mtoto ameketi nyuma ya darasa na kuhesabiwa mzito wa kuelewa.

Wazazi wanashauriwa kumpeleka mtoto kliniki ya macho mapema, kabla ya kuanza shule. Darasani, aketi mbele, mgongo ukielekea dirishani, aruhusiwe kuvaa kofia, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni.