Jinsi Garimoshi Linavyobadili Njia

Garimoshi halina usukani. Reli ndizo zinazolielekeza. Wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya zisizo na reli, waweza kulithibitisha jambo hili kwa mfano wa mbao na waya. Njia ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina upana wa mita 1. Katika kipimo cha 1:50, upana huo huwa milimita 20.

Noa kwa tupa nyaya mbili ziwe ndimi nyembamba, kisha ziunganishe kwa kijiti zisogee pamoja. Ulimi mmoja ukigusa reli ya pembeni, wa pili huacha nafasi, na ukingo wa gurudumu hupita humo. Punje ya mchanga ikiuzuia ulimi kugusa barabara, ukingo hupenya pasipostahili, na behewa huanguka. Ndiyo sababu katika reli halisi ndimi hukaguliwa na kufungwa kwa komeo.