Gari la Mashindano la Zamani Linapochemsha: Namna ya Kutafuta Chanzo

Injini ya petroli hugeuza takribani robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Nguvu inayobaki huwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hutolewa na maji. Pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda, yakapanda hadi kwenye silinda hedi, yakapita kwenye thermostati, kisha yakaingia kwenye rejeta na kupozwa na upepo kabla ya kurudi yalikotoka. Gari likichemsha, basi ama injini inazalisha joto jingi kuliko kawaida, ama maji hayazunguki ipasavyo, ama upepo hauifikii rejeta. Kazi ya fundi ni kujua ni lipi kati ya hayo matatu kabla hajagusa spana.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ina silinda sita katika mstari mmoja na ujazo wa lita 2.4. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya alumini. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na kwa sababu hiyo injini iliyochemka sana huweza kupinda hedi na kuharibu gasketi. Dakika chache za kuendelea kuendesha huku sindano ya joto ikipanda zinaweza kugharimu injini nzima.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba joto lenyewe ni la kweli. Geji na sensa za miaka ya 1970 zimezeeka, na waya wa ethi wenye kutu hutosha kuipotosha sindano. Kipimajoto cha mionzi kikielekezwa kwenye nyumba ya thermostati huonyesha kama geji inasema ukweli. Kifaa hicho hicho kikipitishwa kwenye uso wa rejeta hufichua sehemu zilizo baridi kuliko jirani zake, yaani mirija iliyoziba.

Hatua ya pili ni maji na mfuniko wa rejeta, na hukaguliwa injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko si kizibo tu. Ule wa 240Z hushikilia shinikizo la takribani kilo 0.9 kwa kila sentimita mraba, na shinikizo hilo huyafanya maji kwenye usawa wa bahari yachemke karibu na nyuzi 118 za Selisiasi badala ya 100. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, akiba hiyo hupotea. Hasara huwa kubwa zaidi gari linapopanda kutoka Mombasa kwenda bara, kwa kuwa Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, na ndiyo maana hupimwa kabla ya kufungua chochote kikubwa.

Baada ya hapo swali muhimu ni moja: gari linachemsha wakati gani?

Likichemsha linapokwenda polepole au likiwa limesimama, lakini likapoa linapokimbia, tatizo ni upepo. Mkanda wa feni huenda umelegea. Klachi ya feni huenda imechoka. Injini ikizimwa ikiwa ya moto, feni inayozunguka kirahisi kwa mkono ni dalili ya klachi iliyokufa. Kava linaloielekeza feni kuvuta hewa kupitia rejeta likiwa limeondolewa, feni huizungusha tu hewa ya moto chini ya boneti. Magari ya Safari Rally yana adui mwingine: tope linaloganda kati ya mapezi ya rejeta, pamoja na taa kubwa za ziada zinazoziba njia ya hewa. Tope huoshwa kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili mapezi yasilale.

Likichemsha kwenye mwendo wa kasi, tatizo mara nyingi ni mzunguko wa maji. Rejeta ya shaba yenye ukoko ndani haiwezi kupitisha maji ya kutosha, na kutu ya bloku hukusanyika hasa kwenye silinda za nyuma, zilizo mbali na pampu. Dawa ni kusafisha kwa kusukuma maji kinyume cha njia yake ya kawaida. Mpira wa chini wa rejeta nao huweza kunywea kwa mvuto wa pampu mizunguko inapopanda, kisha ukarudi katika umbo lake injini inapotulia, hivyo hukaguliwa injini ikiwa inavuma. Injini ya mashindano pia huizungusha pampu kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, na mapanga yake huanza kutengeneza mapovu ya mvuke badala ya kusukuma maji. Puli kubwa zaidi ya pampu hupunguza kasi hiyo.

Kama upepo na maji viko sawa, injini yenyewe huangaliwa. Cheche ikichelewa, mafuta huendelea kuwaka valvu ya ekzosi ikifunguka, na joto huingia kwenye hedi. Kabureta likitoa mafuta kidogo mno, ncha za plagi huwa nyeupe. Taimingi na kabureta hurekebishwa kabla ya kununua rejeta mpya.

Thermostati hupimwa kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto; ya kawaida huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Kuitoa kabisa si tiba. Kizuizi kikiondoka, shinikizo ndani ya bloku hupungua na mvuke hujitokeza kwenye sehemu zenye joto kali. Timu zisizotaka thermostati huweka mahali pake kisahani chenye tundu.

Maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, shaka huangukia gasketi ya hedi. Dalili zake ni mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta, moshi mweupe wa ekzosi usiokoma injini ikiwa imepata moto, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ipo pia dawa ya bluu inayogeuka manjano gesi ya mwako inapoingia kwenye maji.

Ukarabati ukikamilika, hewa lazima itolewe. Pua ya gari huinuliwa ili shingo ya rejeta iwe juu, maji hujazwa taratibu, na injini huachwa iungurume hadi mpira wa juu upate moto. Hewa iliyonaswa kwenye hedi huweza kulichemsha gari ambalo halina kasoro nyingine yoyote. Mwishoni joto la kuingia na la kutoka kwenye rejeta hupimwa na kuandikwa, ili safari ijayo fundi awe na kipimo cha kulinganisha.